Deni la Bodi na mshahara wa kesho: namna ya kupiga hesabu ya digrii ya sayansi ya jamii

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Moshi na Arusha huwa na mazungumzo ya aina moja: kapata divisheni gani, kaomba chuo gani, Bodi ya Mikopo itampa kiasi gani. Ni nadra mtu kuuliza kozi yenyewe italeta mshahara gani, na ndani ya mshahara huo Bodi itachota ngapi kila mwezi. Swali hilo huja miaka mitano baadaye, siku ya kushika slipu ya kwanza, wakati hakuna tena cha kubadilisha. Hesabu yenyewe ni ya mchana mmoja. Inataka daftari, kikokotoo cha simu, karatasi ya ada ya chuo unachokitaka, na watu waliomaliza kozi hiyo hiyo kati ya miaka miwili na mitano iliyopita.

Tunazungumzia sosholojia, maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, siasa na utawala wa umma, na ndugu zao, iwe unasoma Mwenge, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, Tengeru au Makumira, au umepangiwa Dar es Salaam au Dodoma. Daktari na mhandisi wana hesabu yao.

Deni litakuwa kiasi gani

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu si fungu moja. Una vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo (fildi), na kwa baadhi ya kozi utafiti na mahitaji maalumu ya kitivo. Unaweza kupewa kimoja ukakosa kingine, ndiyo maana watu wawili wa chumba kimoja cha hosteli humaliza na madeni yaliyopishana kwa mamilioni.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani deni ni ada. Kwa kozi za sayansi ya jamii, ada ni sehemu ndogo. Kinacholivimbisha deni ni bumu, yaani fedha ya kujikimu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, ilitoka 8,500. Kwa siku 240 za masomo hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka, na karibu yote inaliwa kabla semesta haijaisha.

Tuchukue mwanafunzi wa kozi ya miaka mitatu ambaye chuo kinamtoza ada 1,300,000 kwa mwaka, na Bodi imempa chakula na malazi yote, vitabu, na 600,000 tu ya ada:

Chakula na malazi: 2,400,000 × 3 = 7,200,000
Vitabu na viandikwa: 200,000 × 3 = 600,000
Ada: 600,000 × 3 = 1,800,000
Fildi moja ya siku 56 kwa 10,000: 560,000
Jumla: 10,160,000
Tozo ya uendeshaji, asilimia 1, mara moja: 101,600
Deni la kuanzia kulipa: 10,261,600

Tarakimu hizi ni za mfano. Zako utaziona kwenye SIPA, akaunti yako ya mtandaoni kule Bodi, mara tu upangaji ukitoka, kipengele kwa kipengele. Ziandike siku hiyo hiyo na uzizidishe kwa miaka ya kozi. Usingoje mwaka wa tatu.

Kabla ya kuomba, jua pia kwamba sayansi ya jamii haipo mbele kwenye foleni. Miongozo ya Bodi huzipanga kozi katika makundi ya kipaumbele, na afya, uhandisi na ualimu wa sayansi hutangulia. Samia Scholarship nayo ni ya waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Kisha kuna kupimwa kwa uhitaji: yatima, mwenye ulemavu, aliyetoka kaya maskini inayosaidiwa na TASAF na aliyefadhiliwa sekondari huangaliwa kwanza, tena kwa nyaraka. Kilimanjaro hili linawaumiza wengi, kwa sababu mzazi aliuza ndizi na kahawa, au alichangiwa na ukoo, akampeleka mtoto sekondari ya kulipia. Kwenye fomu mtoto huyo anaonekana kwao kuna uwezo. Kama ada ya sekondari ililipwa na mfadhili, tafuta barua yake mapema. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kule RITA nao usiuache wiki ya mwisho.

Kwa hiyo piga hesabu mbili: moja ukiwa umepata kama mfano wetu, nyingine ukiwa umepata chakula tu bila senti ya ada. Kama hesabu ya pili haibebeki nyumbani, ni vema mkajua sasa.

Kuhusu ugumu wa deni lenyewe, watu wengi wanaogopa kitu ambacho hakipo tena. Zamani deni la Bodi lilikuwa linaongezeka kila mwaka kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021, ikaondoka kuanzia Julai mwaka huo. Kaka yako aliyemaliza 2012 akikusimulia deni lisilopungua, anasema kweli, ila anasimulia deni lake. La kwako halizai. Na kwa kuwa bei za vitu zinapanda kwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, milioni kumi inayolipwa polepole kwa miaka saba inazidi kuwa nyepesi. Hakuna Saccos wala benki itakayokukopesha hivyo.

Makato yanavyokaa kwenye slipu

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Shika neno "msingi". Posho haziingii. Kazi inayolipa msingi 600,000 na posho 200,000 inakatwa 90,000. Inayolipa 800,000 zote zikiwa msingi inakatwa 120,000. Ukiletewa mikataba miwili yenye jumla moja, huo ni mlo wa wiki nzima unaopishana.

Mpangilio wa makato ni huu. Kwanza inatoka michango ya hifadhi ya jamii: kwa sekta binafsi NSSF huchukua asilimia 10 ya mshahara wako, kwa serikali PSSSF asilimia 5. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya mshahara: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, juu ya hapo ni 128,000 na asilimia 30 ya ziada. Makato ya Bodi hayapunguzi kodi. Serikali wanaihesabu kodi kana kwamba Bodi haipo, halafu Bodi inachukua chake.

Mshahara wa 800,000 kwenye shirika binafsi:

NSSF 80,000. Kinachotozwa kodi 720,000. Kodi: 20,000 + asilimia 20 ya 200,000 = 60,000. Bodi 120,000. Mkononi: 540,000.

Mshahara huo huo serikalini:

PSSSF 40,000. Kinachotozwa kodi 760,000. Kodi 68,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, 24,000. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2, 16,000. Bodi 120,000. Mkononi: 532,000.

Na mshahara wa 500,000 binafsi: NSSF 50,000, kodi 14,400, Bodi 75,000, mkononi 360,600.

Angalia hiyo ya mwisho. Mtu wa 360,600 aliyepanga Sakina, Arusha, na kupanda kifodi (daladala ndogo) kwenda na kurudi, akaweka kodi ya chumba, chakula na vocha pembeni, hana cha kutuma nyumbani. Ukoo haujui hivyo. Kwao mtoto ana digrii na yuko kazini.

Muda wa kumaliza deni la 10,261,600 unapatikana kwa kugawanya. Kwa msingi wa 500,000 (kato 75,000) ni miezi 137, yaani miaka 11 na miezi mitano. Kwa 800,000 ni miezi 86, kidogo zaidi ya miaka saba. Kwa 1,200,000 (kato 180,000) ni miezi 57 na kisalio cha shilingi 1,600. Mshahara ukipanda kato linapanda nalo na muda unafupika, lakini kwenye hesabu ya kuchagua kozi usijipandishie mshahara ambao hujaahidiwa.

Uliyejiajiri hukatwi na mtu. Unatakiwa kulipa mwenyewe, na kiwango hakipungui 100,000 kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wa mitumba ya Kiboriloni na vibanda vya uwakala wa fedha wanapokwama: laki moja ni ile ile mwezi wa neema na mwezi wa jua kali. Kwa deni letu ni miezi 103.

Sheria inakupa miezi 24 tangu kumaliza masomo kabla ya kuanza kurejesha. Usiitumie kama miaka miwili ya mshahara mzima kwenye daftari lako. Weka makato tangu mshahara wa kwanza. Yakichelewa kuanza, hiyo ni nyongeza.

Kingine cha kukumbuka ni theluthi. Mwajiriwa hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Kwa 800,000 ya serikali theluthi ni kama 267,000, na wewe umebaki na 532,000, kwa hiyo nafasi ya mkopo wa benki ni kama 265,000 kwa mwezi. Bila Bodi ingekuwa 385,000. Anayepanga kujenga Moshono au Njia Panda kwa mkopo wa mshahara ajue Bodi imeshakalia sehemu ya kiwanja.

Mshahara upi hasa?

Sehemu hii ndiyo ngumu, na hapa watu hujidanganya. Hakuna mshahara wa "digrii ya sosholojia". Kuna mishahara ya kazi, na kozi moja inaweza kukupeleka kwenye kazi tano zinazolipa tofauti kabisa.

Halmashauri ndiyo ndoto ya wengi: Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ustawi wa Jamii. Mwenye digrii huanzia ngazi ya mshahara wa serikali iitwayo TGS D. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira huiandika ngazi hiyo, nawe unaipeleka kwenye waraka wa mishahara wa mwaka husika ili upate shilingi. Afisa utumishi yeyote anao. Usichukue kima cha chini cha serikali, kilichopanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, ukakifanya mshahara wa digrii. Na usidhani ngazi zote zilipanda kwa asilimia 35 kama kile cha chini. Tatizo la halmashauri si kiasi, ni foleni. Usaili wa maandishi unakusanya wahitimu wa miaka mitano ya nyuma wanaogombea nafasi za kuhesabika, na hata ukifaulu unaweza kukaa kwenye kanzidata ukisubiri kupangiwa, pengine mkoa ambao hujawahi kuukanyaga.

Ndani ya kundi hili, ustawi wa jamii una kitu ambacho sosholojia haina: kazi yake imetajwa kwenye sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa ustawi wa jamii majukumu ambayo hayawezi kufanywa na mtu mwingine tu, kuanzia taarifa za mtoto mahakamani hadi usimamizi wa makao ya watoto. Arusha na Moshi zina makao hayo mengi, na hospitali nazo zina kitengo cha ustawi. Mwenye sosholojia anaomba nafasi hizo hizo akiwa nyuma hatua moja. Kama unapenda zote mbili na huna namna ya kuchagua, sisi tungechagua ile ambayo tangazo la kazi huitaja kwa jina.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yamejaa Arusha, na mshahara wao wa kuanzia unaweza kuzidi wa halmashauri. Ila soma mkataba: ni wa mwaka mmoja, miwili, mitatu, na umefungwa kwenye mradi wa mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, na USAID kufungwa rasmi Julai mwaka huo, watu wenye mishahara mizuri walirudi nyumbani ndani ya wiki. Deni halikurudi nao nyumbani likapumzika. Kwa hiyo mshahara wa mradi usiuzidishe kwa miezi 12. Uzidishe kwa 9, ukiacha nafasi ya pengo kati ya mradi na mradi.

Na kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yapo Arusha mjini, kuna wazazi wanaoweka mishahara ya huko kwenye matumaini. Nafasi hizo hugawanywa kwa nchi nyingi na hutaka uzoefu wa miaka. Ziache nje ya daftari.

Wanakoishia wengi kwa kweli ni kwingine: afisa mikopo kwenye taasisi za fedha ndogo, akizunguka na pikipiki kudai marejesho, mshahara mdogo na kamisheni juu; meneja wa Saccos au Amcos (ushirika wa wakulima); mapokezi na uratibu kwenye kampuni ya utalii; kufundisha shule ya binafsi. Hiyo ya mwisho ina mtego: digrii ya sayansi ya jamii isiyo na ualimu ndani haikufanyi mwalimu mpaka uongeze stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mwingine na ada nyingine.

Ili upate namba ya kweli, tafuta kundi la WhatsApp la darasa lililomaliza kozi yako miaka mitatu iliyopita. Mtu mmoja tu akikuingiza inatosha. Waulize kumi, faraghani, maswali manne: ilipita miezi mingapi kati ya mtihani wa mwisho na mshahara wa kwanza wenye mkataba? Msingi wa kwanza ulikuwa kiasi gani? Wa sasa je? Kazi inahusiana na kozi? Watakaojibu haraka ni waliofanikiwa, kwa hiyo wafuate na walionyamaza. Panga majibu kutoka dogo hadi kubwa na uchukue la tano. Wastani usiutumie, kwa sababu mmoja aliyeingia benki kuu au shirika kubwa anawabeba tisa waliobaki.

Kujitolea kuhesabu kama miezi ya kusubiri, hata kama unapewa nauli ya 100,000. Kwenye CV ni uzoefu, kwenye daftari ni pengo.

Hesabu ya kurudisha gharama

Sasa unaunganisha. Unahitaji kujua ungekuwa wapi usipoenda chuo. Tuseme binti wa Majengo, Moshi, ana kazi ya duka la jumla anayolipwa 250,000 mkononi, na baada ya miaka mitatu ingefika 300,000.

Mshahara alioukosa kwa miezi 36: 9,000,000.
Nyumbani walichotoa: ada 700,000 × 3, pamoja na kompyuta na michango ya chuo 900,000 = 3,000,000.
Toa bumu na fedha ya fildi vilivyomlisha: 7,760,000.
Pengo siku ya kumaliza: 4,240,000.

Hapo kwenye kutoa bumu ndipo wengi hukosea. Ama wanalihesabu deni lote kama gharama juu ya mshahara uliopotea, na digrii ikaonekana wazimu; ama wanalisahau deni kabisa. Bumu ni fedha uliyoila mwaka huo na utairudisha baadaye kwenye slipu. Iingie mara moja kila upande.

Ongeza kusubiri. Mwaka mmoja wa kujitolea kwa 100,000 wakati dukani angepata 300,000 ni pengo la 2,400,000. Jumla 6,640,000. Akisubiri miaka miwili, 9,040,000.

Akipata kazi ya 800,000 binafsi anabaki na 540,000, yaani 240,000 juu ya duka. Gawanya: 6,640,000 kwa 240,000 ni miezi 28. Akiwa amesubiri miaka miwili, miezi 38. Hiyo inabebeka vizuri, na hapo tayari Bodi inakatwa.

Akipata kazi ya 500,000 anabaki na 360,600, ziada ya 60,600 tu. Aliyesubiri mwaka mmoja atarudisha gharama baada ya miezi 110, zaidi ya miaka tisa. Aliyesubiri miaka miwili ni karibu miaka 12, hata baada ya kuhesabu kwamba deni linaisha mwezi wa 137 na ziada yake inapanda hadi 135,600.

Deni ni lile lile katika safu zote mbili. Kilichobadilisha majibu ni mshahara wa kuanzia na miezi ya kusubiri. Ndiyo maana anayehangaika kupunguza deni kwa milioni moja huku hajauliza kozi inaajiri wapi, anafagia uwanja huku paa linavuja.

Fanya safu ya tatu: diploma. Maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii zina ngazi ya diploma, na serikali huajiri wasaidizi kwa ngazi hiyo, kwa TGS C. Mshahara ni mdogo zaidi, lakini unaingia sokoni mapema, na digrii unaweza kuisoma baadaye ukiwa na mshahara. Kwa mtu ambaye Bodi haijampa ada na nyumbani hakuna kitu, safu hii mara nyingi inashinda, ingawa kwenye sherehe ya kumpongeza haipigiwi vigelegele sana.

Pengo la ada lisizibwe na mkopo wenye riba

Bodi ikitoa chakula bila ada, nyumbani hukimbilia Saccos, Vicoba, au kuweka rehani sehemu ya kihamba, shamba la ukoo. Deni hilo halisubiri miezi 24. Marejesho yanaanza mwezi ujao, riba juu yake, na mlipaji ni mama mwenye genge. Weka mipaka miwili: marejesho ya mwezi yasizidi kile ambacho kaya imeweza kuweka akiba mfululizo kwa miezi sita iliyopita, na shamba lisiingie. Zaidi ya hapo, afadhali uombe chuo kikugawie ada kwa awamu nne (vyuo vingi hukubali), ukate rufaa Bodi dirisha likifunguliwa na nyaraka zilizokosekana, au uahirishe udahili mwaka mmoja ufanye kazi. Kuishi nyumbani nako ni fedha: aliyedahiliwa Mwenge na kwao ni Longuo au Rau anaweza kugeuza sehemu ya bumu la malazi kuwa ada.

Yanayoharibu hesabu nzuri

Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, ndiko kubaya kuliko yote. Aliyedisko mwisho wa mwaka wa pili kwa mfano wetu ameshachukua 6,400,000, na atailipa akiwa na mshahara wa kidato cha sita. Sapu (mtihani wa marudio) na keri (somo ulilofeli unalolibeba mwaka unaofuata) hazitishi hivyo, ila mwaka wa kurudia usiuhesabie bumu. Weka mwaka huo wote kama wa mfukoni. Ukiumwa au ukipata mimba, ahirisha masomo kwa barua na uhakikishe chuo kimeipeleka taarifa Bodi. Kuondoka kimyakimya hukufanya uonekane umeacha.

Bumu lisilosainiwa kwa wakati hurudishwa Bodi. Angalia SIPA mwisho wa kila mwaka kuona kwamba fedha iliyorudi haikubaki kwenye deni lako.

Kazini, mwajiri ana siku 28 za kuitaarifu Bodi kwamba ameajiri mnufaika, na makato ya mwezi anatakiwa kuyawasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo wanaokata na kukaa nayo. Slipu inaonyesha umelipa, Bodi haina habari. Tunza kila slipu, na kila miezi mitatu linganisha na taarifa ya deni. Ikipishana, ofisi ya kanda ya Bodi ipo Arusha. Nenda na slipu, mkataba na namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, kwa sababu hiyo ndiyo Bodi inayokutambulia. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa au aliyerudia kidato cha nne akawa na namba mbili alimalize hilo kabla ya kuanza kazi.

Mkataba wa mradi ukiisha, makato yanasimama lakini deni linabaki. Unaweza kuendelea mwenyewe kwa kumbukumbu namba ya malipo kupitia simu au benki, hata kiasi kidogo, huku ukiiandikia Bodi kwamba huna ajira. Ukikaa kimya, taarifa zako zinaweza kupelekwa kwenye taasisi za kumbukumbu za wakopaji, na utazikuta huko siku unayoomba mkopo wa kujenga.

Deni likikaribia kuisha, miezi miwili kabla, omba taarifa ya salio na uipeleke kwa mhasibu wenu. Makato hayajizimi yenyewe. Watu hukatwa miezi mitatu, minne ya ziada kisha wanaanza kudai kurudishiwa. Lipa salio dogo la mwisho mwenyewe kama kato la mwezi ni kubwa kuliko hilo, chukua barua ya kumaliza deni, na nakala yake iingie kwenye faili lako la utumishi kabla orodha ya mishahara ya mwezi huo haijafungwa.